Dada wa Malkia wa Chumvi

Jumapili, 4 Mei

Penseli ya Barasa. Tangu jana naisikia. Ikikwaruza karatasi haraka haraka huku Chebet akizungumza.

Miaka mitatu sasa nakaa meza moja ya mchezo na Barasa na sijawahi kumwona akiandika mtu anaposema. Huwa anasikiliza macho yakiwa kwenye kikombe, halafu anasema, "Haya, tusonge." Jana tulikutana Kamukuywa, kama kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, watu wa Kitale na watu wa Bungoma, maana ni katikati na hakuna wa kulalamika. Chebet akasema sentensi mbili kuhusu Malkia wa Chumvi. Mbili tu. Barasa akaitoa penseli nyuma ya sikio.

Hakumwomba hata arudie. Alikuwa ameshika kila neno.

Nimetoka kanisani na Mama, nimefua, nimeanika, mvua imenifanya nianue. Sasa nanakili mambo ya jana kwenye daftari. Kazi yangu ya kila Jumapili. Mimi ndiye mtunza daftari wa Nchi ya Mapango. Watu kumi na mmoja duniani wanakijua cheo hicho. Kilikuwa kinanitosha.

Chebet amekuja kucheza mara nne tu. Mara nne!

Jumatatu, 5 Mei

Kidato cha Pili, marudio ya vyanzo vya historia. Nilifundisha kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Msichana wa dawati la mbele akarudisha kiti nyuma.

Niandike sheria zetu hapa, nizione. Nahitaji kitu kilichonyooka.

Nchi ya Mapango ni mchezo wa mezani. Mmoja anasimulia, wengine tunaingia ndani ya hadithi kama wahusika, dadu zinaamua nani anavuka na nani anatumbukia. Barasa aliitunga peke yake, Bungoma, akaichapisha katika duka lake la uchapishaji. Kitabu chekundu, kurasa tisini na sita. Kilichomo kitabuni ni rasmi. Tunachobuni sisi wengine ni cha shabiki. Kinaweza kuwa kitamu namna gani, hakimfungi mtu. Ila Barasa akikipenda, anakipiga muhuri kwenye daftari. Muhuri wa zambarau wenye mdomo wa pango. Tangu hapo ni rasmi kama kitabu chenyewe.

Kamau husema Mkenya hata akibuni nchi yake ya ndotoni, kitu cha kwanza atakachoweka ni muhuri.

Daftari lina namba 1 hadi 240. Wakibishana mezani mtu anasema, "Mtunzaji, soma." Nasoma. Mabishano yanakwisha. Naupenda ukimya ule. Pengine kuliko mchezo wenyewe.

Nimeandika hadithi kumi na saba za Nchi ya Mapango. Hadithi zangu zilizopigwa muhuri: hakuna.

Jumatano, 7 Mei

Ujumbe wa Barasa kwenye grupu, saa nne asubuhi, nikiwa chumba cha walimu. Anachapisha kitabu upya. Chapa ya pili, nene zaidi. Mwishoni kutakuwa na sura moja iliyoandikwa na mchezaji, jina lake likiwa juu. Kila mtu alete alichonacho. Mwisho ni Jumatatu tarehe 26.

Sura moja. Jina juu. Nimeingoja tangu chuo.

Halafu ujumbe wa pili, dakika hiyo hiyo: "Chebet, ile ya Malkia usiiwache."

Mbele ya wote.

Nina wivu. Nimeliandika. Ni neno fupi sana kwa kitu kinachokaa kifuani hivi. Nilisahihisha madaftari ishirini na mawili baada ya hapo na sikumbuki hata moja. Natumaini sikuwaonea.

Jumamosi, 10 Mei

Tumecheza Kitale leo, watano tu, kwenye chumba cha nyuma cha hoteli ya shangazi yake Kamau. Chai, mandazi, harufu ya vitunguu kutoka jikoni. Barasa hakuwapo. Kabla ya mchezo Chebet akaomba asome kile atakachompelekea.

Nimweleze vizuri, nisije nikasema baadaye nilimchora vibaya kwa chuki. Ana miaka ishirini na tatu. Nyumbani kwao ni Kapsokwony, huko juu mlimani. Amepanga chumba Tuwan, vichochoro vitatu kutoka kwetu. Anauza mbegu na dawa za mifugo dukani mjini. Anaandika nyuma ya karatasi za matangazo ya mbolea. Sauti yake ni ya chini, lazima uinamie. Watu huinama.

Kitabu chekundu, ukurasa wa 61, kinasema hivi tu: Malkia wa Chumvi aliingia pangoni na hakutoka tena. Basi.

Katika hadithi ya Chebet malkia hajafa. Alilamba chumvi ya ukutani kama ndovu wa mlimani kwetu wanavyolamba, akailamba miaka, mpaka mwili wake ukawa chumvi. Hawezi kutoka. Tone moja la mvua litamla. Dada yake anatawala badala yake na hamwambii mtu. Lakini kila mvua inapoanza, popote alipo, hata akiwa barazani mbele ya wazee, dada huyo huinuka akaenda kukaa kwenye mdomo wa pango. Anaipa mvua mgongo. Anazuia rasharasha kwa mgongo wake mpaka inyamaze. Watu wake wanadhani malkia wao mpya anaabudu mvua.

Alipomaliza hakuna aliyegusa dadu. Kamau alijipangusa macho akasema ni vitunguu vya shangazi.

Mimi nikasema, "Mia moja kumi na mbili."

Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Hakuna aliyesema Mtunzaji, soma. Nilifungua daftari mwenyewe. Namba 112: Dada yake malkia aliviringisha jiwe akaziba mdomo wa pango, ili atawale yeye. Chini ya ukurasa, muhuri.

Kamau akasema, "Aki Madam Rasmi, si ungengoja kwanza tumalize kulia?"

Wakacheka kidogo. Chebet hakucheka. Akaja upande wangu, akasoma mstari ule, akaugusa muhuri kwa kidole.

"Pole, Madam. Sikujua."

Aliniomba msamaha. Mimi. Akazikunja zile karatasi mara mbili akazitia mfukoni, na tukacheza saa tatu nzima, na mhusika wangu alishinda kila alichogusa.

Jumapili, 11 Mei

Barasa amepiga simu. Hajawahi kunipigia Jumapili. Kamau alikuwa amemweleza.

"Mwalimu wangu, umetuokoa. Ningechapisha kitu kinachopingana na kitu changu mwenyewe. Ningechekwa." Halafu akasema: kwa kuwa la dada na jiwe ni rasmi tayari, na kwa kuwa hakuna aijuaye Nchi kunishinda, niandike mimi hiyo sura. Sura ya jiwe.

Nilisema asante kama mtu mzima. Nikakata simu. Nikacheza jikoni peke yangu na mwiko mkononi. Mama akatoka chumbani akauliza kama serikali hatimaye imeniajiri.

Nilimwambia ni zaidi ya hilo. Akarudi chumbani.

Jumanne, 13 Mei

Ili kuandika sura nataka kuona Barasa alisema nini hasa kuhusu jiwe. Maneno yake ya kwanza. Kila namba katika daftari ina safu ya mwisho: chanzo. Ama ukurasa wa kitabu, ama tarehe ya mchezo ambapo kitu kilizuka.

Safu ya 112 haina kitu.

Nimepitia kitabu chekundu kurasa zote tisini na sita, mara mbili, kidole chini ya kila mstari. Malkia yupo kurasa tatu. Dada yupo mara moja, hana hata jina. Jiwe halipo.

Namba mia mbili thelathini na tisa zina chanzo. Nilizihesabu.

Jumatano, 14 Mei

Nimeipata.

Haimo katika karatasi za Barasa. Imo kwenye katoni yangu chini ya kitanda, katika daftari la mazoezi la mwaka wangu wa tatu chuoni, kati ya muhtasari wa somo la utafiti na orodha ya vitu vya kununua. Hadithi ya kurasa nne, haijaisha. Kalamu ya kijani. Mwandiko wangu. "Dada yake akaviringisha jiwe."

Ni yangu. Namba 112 ni yangu mimi.

Najua sasa ilivyokuwa. Zamani tuliandika ya Barasa kwa kalamu na ya mashabiki kwa penseli, ili tofauti ionekane kwa macho. Nilikuwa nimeutia ule mstari daftarini kwa penseli. Miaka miwili iliyopita mvua ikaingia kwenye mkoba wangu, kurasa zikavimba, nikanakili daftari zima upya likizo ya Aprili. Siku tatu. Nilichoka. Nilinakili yote kwa kalamu, nikijiambia nitarudi kuzitenga za penseli. Nilizitenga. Moja nikairuka. Nilipompelekea Barasa daftari jipya, alikuwa na kazi za watu za kuchapisha zimejaa mezani, akasema hawezi kupiga muhuri mistari mia mbili. Akapiga mmoja chini ya kila ukurasa.

Basi. Jiwe langu likawa jiwe la nchi.

Na mimi nikasahau. Mtu atasema haiwezekani kusahau kitu chako. Inawezekana, ukikisikia mara mia kutoka vinywa vya wengine. Meza ya Bungoma walicheza msimu mzima wakilisukuma lile jiwe. Nilidhani nimelipata kwao.

Kitu cha kwanza nilichosikia leo hakikuwa aibu. Ilikuwa fahari. Niandike hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Miaka miwili wanacheza kitu changu na wanakiamini. Barasa mwenyewe amekisimulia kwa sauti yake ile.

Aibu ilikuja nikipika.

Alhamisi, 15 Mei

Tarehe iliyo juu ya hadithi ile ya kijani: juma ambalo Nekesa, dada yangu, alipata kazi ya uuguzi ng'ambo. Nyumba nzima ilikuwa Nekesa, Nekesa. Nilikuja likizo nikakuta picha yake ukutani mahali palipokuwa na cheti changu.

Sina la kuongeza.

Ijumaa, 16 Mei

Hoja zangu. Nimezipanga kama ninavyowafundisha wanafunzi kuzipanga.

Njia ikishapitwa na wote ni njia, hata kama mwenye shamba hakuigawa. Namba 112 imepitwa na watu kumi na mmoja kwa miaka miwili. Mashujaa wao wamekufa kwa ajili ya jiwe hilo. Utawaambia walikufa bure? Na Barasa ameikubali. Hakuupiga muhuri mstari huo, lakini aliupiga ukurasa. Aliyesaini ukurasa amesaini vilivyomo. Hata mahakamani.

Hoja nzuri. Ningempa mwanafunzi maksi kumi na nane kwa ishirini.

Mbili ninamnyima kwa hili: Chebet alisimamishwa njiani na jiwe ambalo mimi ndiye niliyeliweka, na nikamsomea kama amri.

Hakuna anayejua. Nirudie. Hakuna anayejua, na daftari la kijani linaweza kurudi chini ya kitanda.

Jumamosi, 17 Mei

Chebet amekuja nyumbani. Mchana, Mama akichambua mboga mlangoni. Amebeba parachichi nne katika mfuko wa duka la mbegu. Akamsalimu Mama kwa mikono miwili, wakaulizana hali ya mahindi Kapsokwony, akakataa kiti mara ya kwanza na kukubali ya pili kama inavyotakiwa. Mama tayari anampenda. Na hilo pia amelipata.

Alitaka kuona daftari. Namba zote zinazomhusu malkia, asikosee tena. Nikamletea. Nilikaa karibu kuliko kawaida, nikiogopa ile safu tupu. Hakuiangalia. Anaiamini kazi yangu.

Kisha akatoa karatasi. Amejaribu kuiandika upya, dada akiwa msaliti.

"Iko tu, Madam. Dada anasukuma jiwe, anaenda zake. Lakini sijui ataenda wapi. Nikimwandika anakaa tu hapo nje."

Niliisoma. Imekufa. Sentensi zote ziko mahali pake na hakuna anayepumua ndani. Nikasikia raha, raha kabisa, kama maji ya moto miguuni, na papo hapo nikataka kujificha.

Akainama juu ya 112 tena. "Lakini huyu alikuwa na hasira, bana."

"Nani?"

"Huyu aliandika hii. Kitabu chote, watu wanauana kwa sababu. Njaa, mifugo, mpaka. Huyu dada ndiye tu hana sababu. Ati ili atawale. Mtu alikuwa na hasira na dada yake akaja kuimwaga hapa." Akacheka. "Usimwambie Barasa nimesema."

Nilisema sitamwambia.

Aliondoka bila kumaliza chai. Mama akauliza kama huyo ni rafiki yangu. Nikasema tunacheza pamoja. Akasema, "Hilo silo nililouliza."

Jumapili, 18 Mei

Kanisani sikusikia neno. Mchana niliandika sura yangu. Kurasa tisa, kwa mkao mmoja. Jiwe, dada, baraza la wazee, kiapo. Kila kitu kinakubaliana na kila namba. Hakuna mtu atakayepata kosa.

Ni nzuri. Sijidanganyi, ni nzuri kuliko zote kumi na saba. Niliisoma kwa sauti. Nikafika mahali dada anapoenda zake baada ya kuziba pango, na nikagundua sikuwa nimeandika kilichompata. Nilikuwa nimeruka. "Miaka ikapita." Hivyo tu.

Kumbe na mimi sijui alienda wapi.

Nataka jina langu juu ya sura ile. Nalitaka kwa namna ambayo sijawahi kutaka mwanamume wala kazi.

Jumanne, 20 Mei

Kamau alinipigia wakati wa chakula cha mchana. Kwanza akanitania kuhusu mvua ya Kiminini ninakofundisha, halafu akashusha sauti. Chebet amemwomba amtoe kwenye grupu. Hatapeleka kitu kwa Barasa. Amesema Nchi ya Mapango ni ya watu wanaoijua, yeye ni wa kuuza dawa ya kupe.

"Si umuongeleshe, Madam Rasmi? Wewe ndiye anakuogopa. Mimi nikimwambia ananiambia nile mandazi."

Nikasema nitamwongelesha.

Nilifurahi. Nilisimama nyuma ya darasa la Kidato cha Pili na simu mkononi na nilifurahi kwamba anaondoka. Hakutakuwa na mtu wa kuinamia. Penseli itarudi nyuma ya sikio. Furaha ilidumu mpaka kengele.

Sikumwongelesha.

Alhamisi, 22 Mei

Sura iko kwenye bahasha. Nimeandika jina la Barasa mbele, langu nyuma. Mwandiko wangu mzuri kabisa, ule wa vyeti.

Nimemkuta Chebet mjini, mlangoni mwa duka lao, akimpimia mzee mmoja mbegu za sukuma. "Niaje, Madam." Anacheka kama kawaida. Akamweleza yule mzee kwamba mimi ni mwalimu, ninajua vitu vyote. Mzee akaniamkia kwa heshima.

Nilinunua mbegu ambazo sina pa kuzipanda.

Ijumaa, 23 Mei

Hakuna nilichofanya leo ila kazi.

Kitu kimoja. Nilijaribu kuiandika hadithi yake ya kwanza kwa kumbukumbu, nione kama uzuri ni wa maneno au ni wa sauti yake. Niliikumbuka yote. Nimeisikia mara moja, na mimi hadithi zangu mwenyewe sizikumbuki hivyo. Nilipofika pale dada anapoipa mvua mgongo ilinibidi nisimamishe kalamu.

Namchukia kidogo. Na ninajua bora ni ipi.

Jumatano, 28 Mei

Nimeacha siku nne bila kuandika. Leo nina utulivu wa kuyaweka yaliyopita.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Bungoma. Nilibeba vitu vitatu: bahasha, daftari kubwa, daftari la kijani. Njiani nilikuwa sijaamua nitatoa kipi. Hilo ni kweli, sitaki kujifanya shujaa hapa ambapo hakuna wa kumdanganya ila mimi.

Barasa alikuwa anakata kadi za harusi ya watu. Mikono yake imejaa vumbi la karatasi. Akafurahi kuniona, akauliza iko wapi sura. Nikampa daftari la kijani.

Alilisoma akiwa amesimama kando ya mashine ya kukatia. Ukurasa, ukurasa. Nikamwonyesha safu tupu ya 112. Nikamweleza mvua, kunakili, penseli, muhuri mmoja kwa ukurasa mzima. Nilisema haraka, kama mtoto anayesoma shairi. Nilingoja akasirike.

"Kumbe ni wewe?" akasema. "Mimi miaka hii yote nilijua ni mimi. Na nilikuwa najivunia, wallahi."

Akacheka mpaka msichana anayekunja kadi akageuka. Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko ile maishani, na ilikuja siku ile.

Halafu akaenda kwenye droo. Akatoa muhuri, akafungua kibati cha wino. "Haina shida, mwalimu wangu. Nchi ni yangu, si ndiyo? Basi leo tunaihalalisha. Hapa hapa, mstari wake peke yake. Halafu unipe hiyo bahasha."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Katika hoja zangu zote za maksi kumi na nane sikufikiria kwamba angeweza tu kusema ndiyo. Ilikuwa halali. Hakuna uongo uliobaki. Kitu changu, muhuri wake, jina langu. Mkono wake ulikuwa juu ya ukurasa tayari, wino unang'aa.

Nikaweka kiganja changu juu ya mstari.

Akangoja. Mimi mwenyewe niliungoja mkono wangu uondoke. Haukuondoka.

"Jiwe likiwa rasmi," nikasema, "dada hawezi kukaa mlangoni."

"Dada gani?"

Nikamweleza ile hadithi, yote, kama ilivyosomwa Kitale. Kamau alimpa muhtasari wa kosa tu, na sentensi zile mbili za Kamukuywa zilikuwa mwanzo wake. Nilimsimulia vizuri. Sikuharibu hata sehemu moja, ingawa ningeweza. Alivua miwani. Mashine ilikuwa imezimwa, na msichana wa kadi alikuwa ameacha kukunja.

"Hii iko wapi?" akauliza.

Nikasema iko mfukoni mwa mtu Tuwan, nyuma ya karatasi ya mbolea, na huyo mtu anataka kutoka kwenye grupu kwa sababu yangu. Akampigia simu papo hapo, mbele yangu. Nilitoka nje wakati wakizungumza. Nilisimama barabarani nikitazama wauza nyanya na sikulia. Nilidhani nitalia.

Jioni nilimwandikia Chebet mwenyewe. Kwamba 112 si rasmi na haijawahi kuwa. Kwamba mwenye hasira aliyemsema ni mimi. Kwamba niliujua ukweli tangu tarehe 14, kabla hajaja nyumbani na parachichi, na nikamwacha aende. Hilo la mwisho lilinichukua muda kuliko yote.

Hakujibu mpaka Jumapili saa saba. "Sawa Madam. Nimeumia lakini sawa. Nilijua tu dada hangeweza." Hakuna zaidi. Jumatatu alipeleka hadithi, ile ya kwanza, bila kubadilisha neno. Jana nilipita mbele ya duka lao. Alinipungia mkono akaendelea kupima. Sijui kama tutakuwa marafiki. Pengine hapana.

Nekesa alipiga simu Jumapili, kama kawaida yake. Tuliongea kuhusu baridi. Sikumwambia kitu. Si kila kitu kinakwenda siku moja.

Wivu upo. Leo asubuhi Barasa ametuma picha ya ukurasa wa kwanza wa sura, wino haujakauka vizuri, na jina la Chebet juu kwa herufi kubwa, na lilinichoma mahali pale pale. Nimeitazama picha ile mara nyingi. Ni ukurasa mzuri.

Sura yangu ipo bado kwenye bahasha. Sikuichana. Ni ya shabiki, na kuna mtu mmoja atakayeisoma, Nekesa, siku nyingine.

Mchana, baada ya vipindi, nilifungua daftari kubwa. Nimeikata namba 112 kwa mstari mmoja wa kalamu, usio mnene, ili bado isomeke. Kwenye safu ya chanzo nimeandika jina langu.